Makaa Yasiyotoa Moshi

Moto ukiwa hai, mlango uwe wazi na mlinzi asitoke. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Randu wa Baya tangu alipoanza kazi katika kinu cha mafuta ya nazi, kando ya barabara iendayo Msambweni, mpaka siku mtambo wake ulipong'olewa. Hakuivunja hata mara moja. Jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu wako waliosema baadaye kwamba alikuwa mzembe. Mzembe hakuwa. Msiba wake ulikuwa wa namna nyingine, na yeye mwenyewe mpaka uzeeni hakuweza kueleza ulianzia wapi.

Alizaliwa bara, katika ukame wa nyuma ya Kinango, kwa watu wa mbuzi na mahindi machache. Aliteremka pwani akiwa kijana, mwaka ambao mvua ilikataa, akafanya kibarua Kombani, kisha Waa. Huko Waa alisilimu akapewa jina la Idi, lakini jina hilo lilibaki msikitini. Kinuni na barabarani aliendelea kuwa Randu, mtu wa nyika, na wenyeji waliokuwa wakimpenda walimwita hivyo kwa mzaha, na wasiompenda walimwita hivyo hivyo bila mzaha.

Kinu kilikamua mbata, nazi iliyokaushwa. Injini yake ilikuwa kubwa kama chumba cha kulala, na haikunywa mafuta hata tone, ilikula vifuu. Vifuu vya nazi vilichomwa shimoni vikawa makaa, makaa yakamiminwa katika tanuri la chuma lililojengewa matofali ndani, na mfuniko wake ukakazwa. Moto uliwaka chini ya tanuri, lakini ulinyimwa hewa ya kutosha, na maji yalidondoka humo kidogo kidogo yakawa mvuke. Moto ulionyimwa hewa haukumaliza kazi yake. Ulitoa gesi ambayo bado ilikuwa na nguvu ya kuwaka. Gesi hiyo ilipita katika pipa la maji, ikapoa na kusafika, kisha ikavutwa na injini na kuungua humo, na gurudumu likazunguka.

Mtu aliyemfundisha kazi hiyo aliitwa Mwinga, mzee wa maneno machache aliyekuwa na mtambo ule tangu wakati wa vita vya Wazungu.

"Mlango uwe wazi kwa nini, mzee?" Randu alimwuliza siku ya kwanza.

"Kwa sababu nimesema."

"Hata mvua ikiingia?"

"Mvua itakulowesha. Ukitaka kukaa mkavu, kauze kanga Ukunda."

"Na mlinzi asitoke kwa nini?"

Mwinga alimtazama kama anayepima kama kijana huyu anafaa kupewa jibu. "Injini ikivuta, inaimeza pumzi yote. Ikisimama na moto ungali hai, pumzi inatafuta pa kupitia. Hapo ndipo mtu anapotakiwa awepo. Mashine hii ina pumzi mbaya. Basi."

Randu aliiona pumzi hiyo ikifanya kazi. Aliwaona vibarua waliolala karibu na tanuri wakiamka na kichwa kinachogonga, wakitapika, wakicheka bila sababu, wakiuliza jambo lile lile mara mbili kama watu waliokunywa tembo. Kinuni waliita kulewa mtambo. Gesi yenyewe haikuonekana, wala haikuwa na harufu ya kumwonya mtu. Mlevi alitolewa nje, akalazwa kwenye upepo, akazindukana. Randu aliamini kwamba ubaya ule ulikuwa wa mashine: wa chuma, wa mabomba, wa kitu kilichotoka Ulaya kikiwa tayari na ila yake. Hakuyadhania makaa. Angeyadhaniaje? Makaa ni makaa, kila nyumba inayo. Mwinga alimpa kanuni akamnyima sababu, na mtu anayefundisha hivyo hajafundisha, hata kama mwanafunzi wake ni mtiifu.

Mwinga alipofariki, Randu akawa mwenye mtambo. Alisifika kwa ukali. Aliwahi kumfukuza karani wa kinu aliyetaka kuurudisha mlango kwa sababu ya vumbi. "Wewe na vumbi lako mtoke," alimwambia, "mlango ubaki."

Alioa akiwa amevuka miaka thelathini. Mkewe, Mwanapili, alikuwa binti wa Bi Esha, mjane wa Kidigo aliyekaa katika shamba la minazi si mbali na kinu. Bi Esha hakufurahia posa ya mtu wa bara, ila hakuikataa, kwa kuwa Randu aliswali, hakunywa, na alikuwa na kazi. Randu alilijua hilo. Mbele ya mkwe wake alisema kidogo, alikaa mbali, alishusha macho. Kila tabia ya nyumba ile aliichukua kama ilivyo, maana alijua akihoji moja tu ataambiwa kwamba kwao nyikani hawana tabia.

Ndoa ilikaa muda mrefu bila mtoto. Watu wakaanza kusema yao. Kisha, mwaka wa pili baada ya Uhuru, wakati wa masika, Mwanapili akarudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Akazaa mtoto wa kike. Randu aliletewa mtoto mlangoni, kafungwa kanga, akamwadhinia sikioni, na mtoto akarudishwa kwa wanawake kabla baba hajamaliza kumtazama.

Kuanzia hapo chumba kile kilikuwa cha wanawake mpaka arobaini itimie. Mzazi alilazwa kitandani, na chini ya kitanda likawekwa jiko, ili joto liukaze mwili wake. Ndivyo alivyofanyiwa Bi Esha, na mama yake, na mama wa mama yake. Kwa kawaida jiko hilo lilikuwa kaa la kuni lililotolewa mekoni, lingali na moshi, na moshi ukizidi wanawake huomba radhi, hukohoa, hucheka, na kufungua dirisha.

Randu alitaka kumpa mkewe kitu kilicho bora kuliko hicho. Alikwenda kwa mwenye kinu akaomba ruhusa, akapewa gunia la makaa ya vifuu, yale yale ya mtambo. Alilibeba mwenyewe begani katika matope mpaka uani kwa mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nini hicho?"

"Makaa ya mzazi. Hayatoi moshi hata kidogo, na moto wake hauishi upesi."

Bi Esha alitia mkono guniani, akachukua kipande, akakigonga kwa kucha kikalia kama kigae. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile alimsifu mkwewe mbele ya watu. "Mbeyu!" alimwita jirani yake aliyekuwa akipeta mchele. "Njoo uone makaa. Wewe mkweo alikuletea nini?"

"Alileta mdomo," alisema Mbeyu. "Alikuja kula."

Randu aliondoka akiwa na furaha ambayo hakuwa ameizoea. Mvua haikukatika wiki ile. Upepo wa kusi uliingiza baridi majumbani, na kwa kuwa makaa mapya hayakuwa na moshi, hakukuwa na haja ya kufungua dirisha. Walilifunga, na tundu zake wakazijaza matambara.

Kila jioni Randu alipotoka kazini alisimama nje ya dirisha hilo na kuzungumza na mkewe kupitia ubao. Siku ya nne aliisikia sauti yake imelegea.

"Kichwa kinaniuma," alisema Mwanapili. "Toka asubuhi."

"Mtoto je?"

"Amelala. Analala sana, hanisumbui." Kisha akauliza: "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mvua inanyesha bado?"

"Si unaisikia?"

Alicheka kidogo, cheko la mtu anayechekea jambo lililopita. "Umekuja na nani?" akauliza tena.

Randu alisimama pale mvua ikimwingia shingoni. Swali lile lilimgusa mahali fulani kichwani, akajaribu kulishika likamponyoka. Alikwisha kusikia mtu akiuliza hivyo, mara mbili, kwa cheko kama hilo. Lakini kinu kilikuwa kule, na dirisha lilikuwa hapa.

Alimwendea Bi Esha kibarazani. "Mama, kichwa chake kinamwuma, na maneno yake yanarudi rudi."

"Ni kichwa cha uzazi, mwanangu. Damu ikitulia na kichwa kitatulia."

"Na mtoto analala sana."

"Unataka alie? Mtoto akilala ni neema. Ungemwona midomo ilivyo myekundu, kama aliyepakwa. Nenda kapumzike."

Akaenda. Asubuhi ya pili yake alikuwa zamuni mapema, na hakuwa amelala vizuri.

Siku hiyo alikuja fundi kutoka Mombasa. Mwenye kinu alikuwa ameamua kununua injini ya dizeli. Nchi ni mpya, alisema, haifai kuendelea kulisha mashine vifuu. Fundi huyo, Suleiman, alikuwa kijana msomi wa chuo cha ufundi, mcheshi, mwenye kalamu sikioni. Aliomba injini isimamishwe apime msingi wake. Randu akaisimamisha, akauacha moto hai kama ilivyotakiwa, akafungua bomba la kutolea gesi juu ya paa, akakaa kwenye kigogo chake mlangoni.

"Kaka Randu, unaulinda utadhani mwizi atauiba," alisema Suleiman.

"Una pumzi mbaya huu."

"Pumzi!" Suleiman alicheka, lakini si kwa dharau. "Unajua pumzi hii wenzetu wanaifanyia nini? Mwalimu wetu alitueleza. Wanaisafisha, wanaipitisha penye madini yaliyopashwa moto, inageuka petroli. Wajerumani walitilia magari ya vita. Wengine wanatengenezea mbolea, ile nyeupe ya magunia. Wengine wanapata spiriti ya kuyeyushia rangi."

"Kutokana na hii?"

"Gesi ya aina hii hii. Makaa, mvuke, moto."

"Unanichezea."

"Wallahi sikuchezei."

Randu alilitazama tanuri alilolihudumia miaka yote. Mbolea huotesha mahindi. Pumzi hii hulaza watu chini. Kitu kimoja kiweje vyote viwili? Alijiona kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake wa siku zote ana jina jingine na watoto mji mwingine.

"Basi Wazungu wameitengeneza mashine ya ajabu," alisema.

"Mashine ina ajabu gani? Ni jiko tu, kaka. Jiko la makaa lililofunikwa. Nyinyi mmeifungia gesi mkaitia bombani. Jiko la nyumbani linaiachia."

Randu aligeuka polepole. "Jiko la nyumbani linatoa gesi hii?"

"Makaa yoyote yakikosa hewa ya kutosha yanatoa. Uwanjani upepo unaichukua, huna habari nayo."

"Na chumbani?"

"Chumba kikiwa wazi, kheri."

"Kikifungwa?"

Suleiman alikuwa amepiga magoti akivuta kamba ya kupimia. Aliiachia kamba. "Kikifungwa, kaka, ni mamoja na humu mkifunga mlango."

Mtu angetarajia kwamba hapo Randu angeruka na kukimbia. Hakuruka. Akili yake ilifanya kile ambacho akili ya mtu mwaminifu hufanya inapopewa jambo linalopingana na yote iliyofundishwa: ilibishana. Kama ni kweli, alisema kwa sauti, basi wanawake wa pwani nzima wangekwisha kufa, kwa sababu hakuna aliyezaa bila jiko chini ya kitanda. Mkwe wake angekufa. Mkewe asingezaliwa.

"Labda wanatumia kuni," alisema Suleiman. "Moshi unawafukuza wenyewe, au wanafungua dirisha."

"Makaa ya vifuu hayana moshi," alisema Randu. Alilisema kama alivyolisema uani kwa Bi Esha, na safari hii aliisikia sauti yake mwenyewe.

"Kuna mtu ndani?"

"Mke wangu. Na mtoto."

"Basi nenda! Unangoja nini? Mimi nitakaa hapa."

Randu alisimama. Alilitazama tanuri. Injini ilikuwa imesimama na moto ulikuwa hai, hali ile ile aliyomwonya Mwinga juu yake kuliko zote. Nyuma ya banda, chini ya paa moja, walikuwapo vibarua kadhaa wakingoja mvua ipungue, wengine wamelala juu ya magunia ya mbata. Suleiman alijua petroli ya Wajerumani, lakini hakujua kuufunga mdomo wa tanuri hili wala bomba lake bovu liko upande gani.

"Wewe si wa zamu," alisema.

"Nifundishe upesi."

"Hufundishiki upesi."

"Basi waondoe wale watu, uuzime."

"Nikiuzima kwa maji sasa utapasuka, na mvuke wake ndio hatari zaidi." Alikuwa akisema kweli, au aliamini anasema kweli, baadaye hakuwa na hakika hata na hilo. "Kahindi anakuja. Zamu yake imekaribia."

Kahindi, mlinzi wa pili, alichelewa. Kijito kilikuwa kimefurika barabarani na ilimbidi azunguke. Muda wote huo Randu alikaa kigogoni, akainuka, akakaa tena. Mara alisadiki maneno ya fundi, mara aliyaona ni maneno ya vitabu. Mara alimwona Mwanapili akicheka. Alijiambia kwamba jana ile ile alikuwa akizungumza, na mtu anayezungumza yu hai. Alijiambia kwamba akienda mbio na kuvamia chumba cha uzazi kwa jambo lisilokuwapo, atakuwa amejivunjia heshima aliyoijenga kwa miaka, tena juma lile lile alilosifiwa. Suleiman aliacha kupima. Alisimama mvuani akiangalia barabara.

Kahindi alipotokea, Randu hakumsalimia. Alisema neno moja tu, "Hai," akimaanisha moto, akaondoka mbio.

Uani kwa Bi Esha wanawake walikuwa kibarazani wakikuna nazi. Mbeyu alimwona wa kwanza, amelowa, anahema, kofia hana.

"Jamani, huyo!" alipiga kelele kwa furaha. "Arobaini haijafika, mume keshapiga mbio! Bi Esha, funga mlango!"

Wanawake wakaangua kicheko. Randu akasimama katikati ya ua kama aliyepigwa kofi. Miguu iliyomleta ikakataa.

"Mama," alisema, macho chini, "naomba dirisha lifunguliwe."

"Shikamoo imekwenda wapi leo?"

"Shikamoo, mama. Naomba lifunguliwe."

"Kwa baridi hii? Unataka mtoto aingiwe na upepo?"

"Yale makaa, mama. Si mazuri."

"Si mazuri? Uliyaleta mwenyewe!"

"Niliyaleta mwenyewe. Gesi ya kinu... fundi anasema ni jiko..." Maneno hayakukaa pamoja. Aliyasikia yanavyotoka, petroli, mbolea, pumzi, na aliona nyuso za wanawake zikipoteza kicheko na kupata huruma, ile huruma wanayopewa watu wanaoanza kurukwa na akili.

"Mwanapili amekula saa ngapi?" akauliza.

"Amelala toka alfajiri," alisema Bi Esha. "Mwache..."

Hakumalizia. Randu alikuwa amempita. Alimgusa bega mkwe wake alipokuwa akipita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasukuma mlango wa chumba kwa mguu. Joto lilimpokea, na hewa isiyokuwa na harufu yoyote. Alivunja dirisha kwa kiganja. Alimtoa Mwanapili kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbele, akamlaza uani kwenye mvua, na wanawake wakapiga mayowe wakidhani amemwua. Kisha alirudi kumchukua mtoto.

Mwanapili alitapika, akafungua macho, akauliza amekuja na nani. Mtoto alikuwa na midomo myekundu na mashavu mazuri, na kila mwanamke aliyempokea alisema amelala tu. Walimpepea. Walimfikicha miguu. Ilichukua muda mpaka Mbeyu aliposema lile ambalo wengine hawakutaka kulisema, na aliposema alikaa chini matopeni na kujifunika uso.

Mwanapili alipelekwa hospitali Msambweni, akapona, ingawa kwa miezi mingi aliweka vitu asijue ameweka wapi, na aliwasha moto akasahau chungu. Mtoto alizikwa jioni ile, na jina alilopewa lilitolewa na shekhe, maana siku ya saba ya kumpa jina haikuwa imefika.

Vijijini watu walisema mengi. Wengine walisema ni pepo wa kinu aliyemfuata Randu nyumbani. Wengine walisema ni baba aliyekiuka arobaini, akaingia na ukali wa nje. Bi Esha hakusema lolote, ila hakutia tena jiko chini ya kitanda cha mzazi yeyote, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba hataki tu. Hiyo ni sawa na kosa la Mwinga, na inafaa kusemwa hivyo hata juu ya mama aliyefiwa. Waliomsikia hawakujifunza kitu cha kuwaambia binti zao.

Suleiman alirudi na injini ya dizeli, akamkuta Randu akiling'oa tanuri tofali moja moja. Walifanya kazi bega kwa bega siku kadhaa. Siku ya mwisho Randu alimwuliza lile ambalo lilikuwa likimkereketa.

"Ningekwenda uliponiambia, ingekuwaje?"

"Sijui, kaka."

"Wewe umesoma."

"Nimesoma gesi. Sikusoma hilo."

"Na wale vibarua waliokuwa chini ya paa? Ningewaacha, ingekuwaje?"

"Hilo pia silijui."

Randu aliendelea kulikwangua tofali masizi. Miaka iliyofuata alilima mahindi nyuma ya nyumba, na serikali ilipoleta mbolea nyeupe ya magunia aliipokea, akaitia kiganjani, akaitazama kwa muda mrefu, akaimwaga shambani kama wengine. Mahindi yakaota vizuri. Hakujua alistahili kuhisi nini.

Waliomjua waligawanyika juu yake na wangali wamegawanyika: wapo wanaosema alifanya wajibu wake, na wapo wanaosema wajibu wake wa kwanza ulikuwa nyumbani. Kila upande una haki yake, na hakuna upande uliomsaidia. Kuishika kanuni bila kuijua maana kulimgharimu Randu binti yake wa pekee. Mwanapili hakuzaa tena.